Mayai ya Chanika na Mdudu Asiyesikia Dawa

Nimestaafu, jamani. Mlinikatia keki yenye picha ya darubini, nashukuru, ingawa aliyeichora aliweka lenzi juu na taa juu, sijui mwanga ungepitaje. Siku ile mkaning'ang'ania: "Mama Komba, usiondoke hivi hivi, tuandikie kitu." Haya, nimekaa kibarazani kwangu Segerea naandika. Segerea ya mtaani, siyo ya gerezani. Kila nikiitaja lazima pawepo mtu wa kuuliza. Vyeo sitavigusa, na mishahara ndiyo kabisa, maana mtu aliyeingia kazi ya makohozi kwa kufuata mshahara bado sijamwona. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, habari ya mayai, na kesi moja ambayo nikiikumbuka natembea kifua mbele mpaka leo. Majina ya mgonjwa na watu wake nimeyabadilisha. Wenyewe wameniruhusu, tena wamecheka sana kusikia wataandikwa.

Siku ya kwanza nilifika maabara ya kifua kikuu kule Temeke nimevaa viatu vya kisigino. Mkuu wa benchi alikuwa Mama Kihwele, mwanamke wa Iringa, mfupi, sauti ya chini, mtu ambaye hajawahi kumfokea mtu na kila mtu alimwogopa. Akavitazama viatu vyangu kwa muda.

"Mwanangu, harusi iko wapi?"

"Hakuna harusi, mama."

"Basi kesho njoo kazini."

Kesho yake nikaja na raba. Akanikalisha kwenye darubini, akaniwekea kioo cha makohozi. Vijana wa sasa mnaona katriji tu inaingia mashineni, lakini sie tulipakaa makohozi kwenye kioo, tukamwagia rangi nyekundu, tukapitisha moto chini mpaka mvuke utoke, tukaosha kwa tindikali, halafu tukaweka bluu. Kila kitu pale kwenye kioo kinaiachia ile nyekundu isipokuwa mdudu wa kifua kikuu. Yeye mbishi, haachii. Ndiyo maana ukichungulia unakuta uwanja wa bluu na vijiti vyekundu vimelala. Nilipokiona kijiti cha kwanza nilipiga kelele. Mama Kihwele akasema, "Taratibu, mwenye hicho kijiti yuko hapo nje kwenye benchi anakusikia." Nikanyamaza, na tangu siku hiyo sijawahi kushangilia jibu kabla ya kujua la nani.

Sasa mayai. Mdudu huyu ukitaka kumwotesha unampikia. Unachukua mayai mabichi, unayasugua kwa sabuni na brashi kama unaosha miguu ya mtoto, unayalaza kwenye spiriti, unayavunja, unayapiga, unayachuja kwa kitambaa safi, unachanganya na chumvi zake na rangi ya kijani inayowazuia wadudu wengine, unamimina kwenye vichupa, unavilaza vimeinama na kuvipasha moto mpaka vigande. Ukimaliza una vichupa vya kijani vinavyofanana na kitu cha kula, na kuna mwanafunzi mmoja alishawahi kuniuliza kama vinauzwa. Wazungu wa vitabuni wameandika jinsi ya kupika, lakini hakuna aliyeandika kwamba mayai ya Dar yana mambo yake.

Mwaka wangu wa mwanzo tuliotesha sampuli nyingi, hakikuota kitu. Hata mdudu wa kulinganishia, yule tunayemfuga wenyewe kwa ajili ya kupima chakula kama kiko sawa, naye akagoma. Tukaosha vyombo upya. Tukabadilisha maji. Wapi! Mama Kihwele akavua koti, akaenda mwenyewe kwa muuza mayai, akamuuliza kuku wake wanakula nini. Yule bwana akajibu kwa kujisifu: "Kuku wangu hawaumwi, mama. Dawa nawachanganyia kwenye chakula kila siku." Ndiyo hivyo. Dawa imeingia kwenye kuku, imeingia kwenye yai, na sie tunamkaribisha mdudu mezani na sumu tumeshamwekea kwenye sahani. Makosa ya namna hii hayafanyiki pengine ila kwa watu wanaopima usugu wa dawa kwa mayai ya dukani.

Tangu hapo mayai yetu yalitoka Chanika, kwa bibi mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Kuku wanajitafutia wenyewe, dawa yao ni shubiri tu ikizidi. Bibi yule aliamini tunafungua mgahawa kwa siri, na kila nikifika alinishauri nipunguze chumvi. Nilimheshimu, na mayai yake hayakuniangusha hata siku moja.

Mama Kihwele ndiye aliyenifundisha pia dawa nyekundu inafanyaje kazi. Rifampisini, ile inayomfanya mgonjwa akojoe rangi ya chungwa na wengine kukimbilia kwa mganga wakidhani wanatoka damu. Wenzangu nikiwauliza walinijibu, "Inaua mdudu." Mama Kihwele jibu la hivyo hakuwaga analipenda. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akachora.

Ndani ya bakteria, alisema, maagizo yote ya kuishi yameandikwa kwenye DNA, nyuzi mbili zilizosokotana. Zikiwa zimesokotana hazisomeki, kwa sababu herufi zake zimegeukiana kwa ndani. Wa kuzifungua ni kimeng'enya kinachoitwa RNA polimerasi, chenye umbo la gando la kaa. Peke yake hakijui kianzie wapi. Kinaambatana na protini nyingine, sigma, na sigma ndiye mwenye kujua mahali. Anaupapasa uzi mpaka anakutana na alama yake, sehemu yenye herufi A na T kwa wingi, ambazo kushikana kwake ni kwa ulegevu kuliko nyingine. Hapo anaikamata herufi moja, anaipindua nje ya msokoto na kuichomeka kwenye kijishimo chake, kisha na nyingine mbele kidogo. Hizo zikishatoka, za katikati haziwezi tena kujishikilia. Nyuzi zinaachana, kinatokea kiputo kidogo, na uzi mmoja unateleza ndani kabisa ya gando, mahali pa kazi.

"Na nguvu ya kufungulia anaitoa wapi?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo palipo utamu," akasema, na mara ya kwanza nikamwona anacheka. "Hachomi mafuta yoyote. Ni ule ushikaji wake tu, anavyojikunja na kuukunja uzi. Wa kifua kikuu kiputo chake kina tabia ya kujifunga tena, kwa hiyo ana protini mbili za kumsaidia kukishikilia. Kikishatulia wazi, ndipo kimeng'enya kinaanza kuandika nakala, herufi kwa herufi."

"Kwa hiyo dawa inazuia asifungue."

"Hapana! Wote mnaangukia hapo. Kufungua anafungua vizuri, na kuandika anaanza. Dawa imekaa ndani, kwenye njia ya kutokea nakala. Nakala ikifika herufi ya pili, ya tatu, inagonga dawa. Haipiti. Inadondoka, anaanza upya, inagonga tena. Anafungua milango siku nzima na hakuna neno hata moja linalotoka. Atakufa kwa hivyo. Ila kile kijishimo inapokaa dawa kikibadilika umbo, hata kidogo, dawa inakosa kiti. Hapo hata ukimpa mgonjwa ndoo nzima, mdudu haisikii."

Niliiomba ile kalenda. Ninayo. Nimesoma mengi baada ya pale, nimekaa na maprofesa, na sijapata mtu aliyenieleza vizuri kuliko yule mama na kalamu yake ya bluu.

Miaka ikaenda, Mama Kihwele akastaafu akarudi kwao Iringa, benchi likawa langu. Zikaja mashine za katriji. Msije mkadhani mie ni wale wazee wa kununia mashine; nilizipenda. Unaweka makohozi kwenye kikasha cha plastiki, ndiyo katriji yenyewe, unakwenda kunywa chai, ukirudi imekwambia mdudu yupo au hayupo, na dawa nyekundu inamuweza au haimuwezi. Inajuaje? Inachungulia kipande kifupi cha jeni la kile kimeng'enya, pale ambapo mabadiliko ya usugu hutokea mara nyingi. Nawaambieni nyie mnaobaki: mara nyingi siyo mara zote. Mashine ina dirisha, na kilicho nje ya dirisha haikioni. Yenyewe haidanganyi. Sie ndio tunaosahau kwamba ni dirisha.

Ndipo akaja Athumani.

Alikuwa fundi wa kuchonga mpingo, mtu wa Mtwara, anaishi Tandika na mkewe Somoe na mama yake, Bi Fatu. Kifua kilimshika, katriji yake niliiweka mwenyewe: mdudu yupo, usugu wa dawa nyekundu haukuonekana. Akaanzishiwa dawa za kawaida. Somoe akachaguliwa kuwa msimamizi wake nyumbani, yaani mtu wa kumwona anameza kila asubuhi. Wiki zikapita, badala ya kunenepa Athumani akawa anakauka. Makohozi yakaja tena kwangu, vijiti vimejaa vilevile. Katriji nyingine, jibu lilelile.

Kliniki kulikuwa na mhudumu mmoja, sitasema wa wapi wala nani, akatamka mbele ya Bi Fatu: "Mama, mdudu huyu dawa inamuweza, maabara wamesema. Kama haponi, basi hamezi." Maneno yale yakafika Tandika kabla ya mwenye kuyasema hajavua koti. Bi Fatu akaita watu, wa nyumbani na wa jirani, akasema hadharani kwamba Somoe anamnyima mwanawe dawa, anazimwaga chooni, anataka afe aolewe na mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Athumani akajitahidi kumtetea mkewe huku anakohoa, ikawa vibaya zaidi, mama yake akadakia: "Mnamwona? Kalishwa limbwata huyo." Somoe akafungasha, akarudi kwa mjomba wake Kibada, ng'ambo ya Kigamboni.

Mie hayo yote sikuyajua, mpaka asubuhi moja aliponigongea dirisha la kupokelea sampuli. Alikuwa amepita Tandika alfajiri, Athumani akampa kwa siri. Ameshika kichupa amekifunga kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Makohozi?"

"Mkojo. Wa mume wangu." Akakiweka. Rangi ya chungwa iliyoiva. "Wanasema simpi dawa. Nikiwa pale nilikuwa nampa, na sasa sipo lakini mwenyewe anameza. Kama hamezi, hii rangi imetoka wapi?"

Nikakitazama kile kichupa. Swali lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wanafunzi wa digrii. Lakini kazi yangu haikuniruhusu kumpa jibu la kumfurahisha.

"Hii inaonyesha dawa imeingia mwilini jana au leo," nikamwambia. "Ya mwezi uliopita haionyeshi. Watakwambia alimezeshwa leo tu kwa ajili ya kupimwa."

Akakifunga tena kichupa kwenye ncha ya kanga. Kisha akasema, "Kwa hiyo jibu lako ndilo wanalonipigia."

Neno lile liliniingia. Jibu lilikuwa langu kweli, na halikuwa na kosa, na bado lilikuwa linamfukuza mtu nyumbani kwake. Nilimwambia, "Mama, mie nitaendelea kuuliza. Nikipata kitu nitakisema, kikiwa upande wako au kisiwe." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilikasirika siku ile, nikavunja na kikombe changu cha chai, hicho mlichokuwa mnauliza kilikwenda wapi.

Nikampigia Dokta Mushi wa wodi ya kifua. Huyu Mchaga simsifu kwa sababu amenisifu kwenye sherehe. Namsifu kwa sababu aliponisikia hakuniambia niachane nayo. Akasema, "Mama Komba, huyu hata mie haniingii akilini. Mgonjwa hana sura ya mtu anayetupa dawa. Mwoteshe, tuone." Tukamwotesha kwa njia mbili. Ya kwanza mashine mpya ya kuoteshea kwenye maji, ya haraka. Ya pili vichupa vyangu vya mayai ya Chanika, ambavyo wengi wenu mlikuwa mnanicheka kwa kuving'ang'ania. Kichupa kimoja kina dawa nyekundu ndani yake, kingine hakina.

Mashine ya maji ikafunga hesabu yake mapema: dawa inamuweza. Hilo lilikuwa jibu la tatu dhidi ya Somoe. Lakini nilichungulia michoro yake, nikaona yule mdudu hata kwenye maji yasiyo na dawa anajivuta, mvivu. Nikawaza, mvivu ukimhesabia mapema utasema kafa. Nikavirudisha vichupa vya mayai kwenye joto, nikasubiri.

Wakati huo kule Tandika Bi Fatu ameshika usimamizi mwenyewe. Anampa mwanawe dawa kwa mkono wake, anasimama mbele yake mpaka ameze, anamfungua mdomo. Na Athumani anazidi kukonda. Dokta Mushi akamuuliza, "Mama, anameza?" Akajibu, "Anameza." Lakini nyumbani aliwaambia watu kwamba mkewe alimroga kabla ya kuondoka.

Kisha siku moja nikafungua kabati la joto. Kichupa kisicho na dawa kimeota, kama nilivyotarajia. Kichupa chenye dawa nyekundu nacho kimeota. Vijibonge vikavu vya rangi ya maziwa yaliyochacha, vidogo, vichache kuliko vya mwenzake, lakini vimekaa pale juu ya dawa kama wapangaji waliolipa. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikakagua mdudu wa kulinganishia: kwenye dawa hajaota hata punje, kwa hiyo dawa ya kichupani ilikuwa nzima. Nikarudia yote tangu mwanzo, maana mtu na mume wake hawachezewi kwa kichupa kimoja. Vikaota tena.

Nikafurahi, acheni tu! Nilimwita Dokta Mushi akaja anakimbia na stetoskopu inampiga kifuani. Tukampeleka mdudu kwenye maabara kubwa wamsome jeni lote la kile kimeng'enya, siyo dirisha tu. Jibu likarudi: badiliko lipo, nje kidogo ya pale katriji inapochungulia. Kijishimo cha dawa kimekunjika. Kimeng'enya kinafungua nyuzi zake kama kawaida, kinaandika, na nakala inapita pembeni ya dawa bila kugonga chochote. Athumani alikuwa anameza dawa kila siku, ikafika, ikaingia mpaka ndani ya mdudu, na haikupata pa kukaa.

Dokta Mushi akamlaza Athumani wodini, akaandaa dawa mpya siku hiyohiyo. Hapo Athumani, mtu aliyebaki mifupa, akakunja mikono kitandani.

"Sianzi."

"Huanzi nini?" Dokta akashangaa.

"Sianzi mpaka Somoe arudi. Zile za mwanzo alinipa yeye akaitwa muuaji. Nizimeze hizi nipone, waseme ni kwa sababu hayupo?"

Bi Fatu akalia, akamsihi, wapi. Ikabidi wajumbe waende Kibada kumwomba Somoe arudi. Wakarudi na maneno yake: "Nilitukanwa mbele ya watu. Nisafishwe mbele ya watu, halafu nitakuja." Na alikuwa na haki. Kwetu sie tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani. Bi Fatu akanijia maabara, amejifunika ushungi mpaka puani, akasema, "Mwanangu, mie hayo ya wadudu siyajui. Nikienda peke yangu watasema nimebanwa na mwanangu. Twende wewe ukaseme."

Mtu wa maabara haendi kwa wagonjwa. Hiyo ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri. Dokta Mushi akamuuliza Athumani kama anaridhia ugonjwa wake uelezwe mbele za watu. Akajibu, "Ulishaelezwa, tena vibaya." Basi Jumamosi nikavuka Kigamboni.

Kibada palikuwa pamejaa. Mikeka uani, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine, na majirani wa Tandika wale wale waliosikia tusi wameletwa walisikie jibu. Somoe amekaa karibu na mlango wa jikoni, uso haueleweki. Mjomba wake, Mzee Hamisi, akanikaribisha kwa heshima zote, kisha akasema bila kuzunguka, "Haya, mama wa maabara. Mtoto wetu alimpa mumewe dawa, au hakumpa?"

Nimesimama mbele ya wakubwa wa mikutano nikiwa na slaidi. Pale sikuwa na slaidi wala darubini. Nikaona pembeni shangazi mtu anamfumua binti nywele alizosokotwa twist, na nikamshukuru Mungu.

"Shangazi, samahani. Hizo unaanza kufumua wapi?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Palipolegea."

"Kwa nini usianzie popote?"

"Palipokazwa patamnyofoa nywele. Nachomeka kitana pale palipolegea, natoa mkunjo mmoja nje, nyingine zinajiachia zenyewe."

"Haya, jamani," nikasema, "mdudu wa kifua kikuu ndivyo anavyoishi. Maisha yake yamesokotwa twist, na ndani yake kuna kifumuzi kinachotafuta palipolegea, kinatoa mkunjo nje, zinaachana, kinasoma kilichoandikwa mle. Asiposoma hali, asipokula anakufa. Dawa nyekundu inakwenda kukaa ndani ya kifumuzi, pale anapotolea alichosoma, inaziba. Huyu wa Athumani kifumuzi chake kimezaliwa na umbo jingine. Dawa ilifika. Ilikosa pa kukaa."

Mzee mmoja wa Tandika akanyoosha fimbo. "Mbona mashine yenu ilisema dawa inamuweza?"

"Mashine inachungulia mahali pamoja, mzee. Huyu kajificha pembeni. Nimemkamata kwa mayai."

"Mayai?"

"Mayai ya kienyeji, ya Chanika." Watu wakacheka.

Mzee Hamisi hakucheka. "Hujanijibu bado. Alimpa, au hakumpa?"

Hapo nikajikuta kwenye pembe. Mdudu sugu anaonyesha kwamba dawa haikufaa. Haonyeshi kwamba Somoe alimpa. Mie ni mtu wa maabara, sisemi nisichokipima, hata kama moyo unataka. "Hilo sikulipima, mzee," nikasema, nikamwona Somoe anainamisha kichwa.

Bi Fatu akasimama.

"Alimpa," akasema. "Aliyekuwa akimpa ni yeye, na alipoondoka nikampa mie, kwa mkono wangu huu, kila asubuhi, na hakupona. Siku ya kwanza tu alipozidi chini ya mkono wangu nilijua mke wake hana kosa. Nilinyamaza. Niliogopa msije mkasema mama ndiye anayemuua. Nikawaambia mkewe kamroga, nikawaacha mseme."

Akavua ushungi, akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni, akapiga magoti mbele ya mkamwana wake. Mtu mzima yule, na magoti yake mabovu.

"Somoe, nisamehe."

"Inuka, mama," Somoe akasema. "Inuka kwanza, useme tena. Wa nyuma hawajasikia."

Bi Fatu akainuka, akawageukia wa Tandika, akasema tena kwa sauti, neno kwa neno. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuwaambia. Mzee Hamisi akaanza kuitisha chai, Somoe ameshafunga kanga kiunoni na begi liko mkononi.

"Chai mtakunywa nyie," akasema. "Mie naenda. Mtu hajameza dawa yule."

Athumani alizimaliza zote zile mpya akapona, na kila kidonge alipewa na mkono uleule wa Somoe.